Aliyeachwa Ukingoni mwa Korongo la Ira

Niliondoka Majengo, hapa Nyeri, siku ya Ijumaa saa moja asubuhi, na kilichoniondoa ni mstari mmoja wa maandishi. Wangeci alikuwa ameupiga picha akanitumia kwa simu. Wangeci ni karani wa langoni kule Korongo la Ira, hifadhi iliyo juu ya Naro Moru, mahali mto wa mlimani umepasua ardhi mpaka mtu akisimama chini, wewe uliye juu unamwona kama kuku. Jumamosi walikuwa wanafungua nyumba ya historia ya korongo, na picha ilikuwa ya bango litakalotundikwa ndani. Chini yake alikuwa ameandika: "Baba Ciru, soma hii. Halafu uniambie kama ni kweli."

Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo nilisoma pole pole. Bango lilisema kwamba miaka mitatu iliyopita maji ya ghafla yaliwaua watu watano ndani ya korongo, mvua ikinyesha mlimani na hapa chini jua likiwaka. Hayo ni kweli. Kisha ukaja ule mstari. Ulisema kwamba kiongozi wa wageni, Mzee Wamahiu, hakuacha mlinzi ukingoni kama desturi inavyotaka.

Ni uongo. Mlinzi aliachwa. Mlinzi nilikuwa mimi.

Nayasema mapema ili usije ukadhani nakuficha kitu. Katika wale watano alikuwa mke wangu Muthoni, aliyeuza nduma soko la Karatina. Walikuwa wachuuzi wenzake watatu. Na wa tano alikuwa Mzee Wamahiu mwenyewe, babake Wangeci. Maiti yake ilipopatikana, watu walianza kusema mzee alijiua na kuua watu wetu kwa uzembe. Walisema mazishini, wakasema sokoni, wakasema hata kanisani. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikisikia. Wangeci aliwatumia ujumbe wote waliotoka hai, mara ya kwanza, ya pili, sijui ya ngapi: nani alikuwa juu? Sikumjibu hata mara moja. Safari hii ilikuwa ya kujibu.

Saa mbili na nusu nilikuwa Karatina. Ningeweza kupitia Kiganjo moja kwa moja, lakini nilitaka kwanza kumwona Gakuru. Gakuru ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha soko, yeye ndiye alipanga ile ziara. Nilimkuta anachambua nyanya, mbovu kushoto, nzuri kulia, kofia imesukumwa kisogoni.

"Haiya, Baba Ciru! Umepotea. Ama wale watu wa Majengo wanakulisha pilau mpaka umesahau wenzako?"

"Kesho wanafungua nyumba ya historia kule Ira. Twende pamoja."

"Kufanya nini?"

"Kusema vile tulifanya."

Alitazama kama jirani anasikia. "Hebu punguza sauti. Hapa ni soko."

"Ulisema nini siku ile, mwenyekiti? Nikukumbushe?"

"Niliomba. Tuliomba sisi wote kabla ya kushuka. Nilisema Mungu ndiye mlinzi. Kwani hapo nilikosea?"

"Ulisema mzee anatuletea mambo ya kishenzi. Ulisema watu waliookoka hawaachi mtu wao juu akae kama mganga wa mvua."

"Sawa. Na wewe ulibaki ama hukubaki?"

"Nilibaki."

"Na ukashuka ama hukushuka?"

 Alichukua nyanya moja, akaibonyeza, akaiweka upande wa mbovu.

"Basi enda useme yako," akasema. "Yangu nimeshatubu. Na yule nilitubu kwake hana mabango."

Nimeandika jina lake, Gakuru wa nyanya, na sitalifuta. Siku ile, wakati mzee alikuwa anatueleza desturi kwa upole, yeye ndiye alianza kucheka, na sisi wengine tukacheka kwa sababu mwenyekiti anacheka.

Kutoka Karatina nilipata lifti kwa lori. Lilikuwa limeleta mchele kutoka Kutus, sasa linapanda Kieni tupu kuchukua vitunguu. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mnene, anayeendesha kama amepanda punda. Tulipita Kiganjo. Baada ya hapo kahawa na majani chai yanabaki nyuma, nchi inafunguka, inakuwa kavu, ngano na nyasi za kijivu, na mlima unatokea wote kulia kwako kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha.

"Unaenda matanga?" dereva akaniuliza.

"Umejuaje?"

"Umevua kofia tangu Kiganjo."

Sikuwa nimejua. Nilimwambia naenda Korongo la Ira. Alipunguza mwendo kidogo.

"Huko si ndiko mzee fulani alimaliza watu?"

Kilomita mbili hivi nilitafuta mdomo wangu. Kisha nikasema, "Si yeye." Ndiyo mara ya kwanza nilisema hayo maneno kwa sauti, na niliyasema kwa mtu nisiyemjua, ambaye hakuuliza la pili. Alinishusha Naro Moru akanitakia safari njema. Kutoka hapo nilitembea.

Saa saba mchana nilifika langoni. Nyumba mpya ya historia ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa, bado inanuka. Nyuma ya lango, hatua kama mia, kuna boma la Mzee Wamahiu. Ukoo wake uko pale kabla ya lango, kabla ya tiketi, kabla ya mzungu. Mjane wake alikuwa ameketi nje na sufuria ya viazi. Alinitazama kutoka miguu hadi kichwa.

"Huyu ndiye wa Karatina? Nilidhani watu wa soko ni wanene."

"Mama, huyu ametoka Nyeri kwa sababu yetu," Wangeci akasema.

"Basi apewe kiti, asije akavunjika."

Nilipewa kiti, nikapewa chai na mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa. Nilikula kwao nikijua nilichobeba tumboni. Kumwuliza Wangeci kwa nini hakuniuliza hapo hapo nilishindwa. Alinitazama tu, akaniambia asubuhi atanishusha korongoni kabla wageni hawajafika. Jioni hiyo mamake ndiye alizungumza, na yale aliyonieleza nayaweka hapa, maana katika nyumba ya historia sikuyakuta.

Ira ni udongo mweupe. Katika ukuta wa korongo kuna mkanda wake mmoja, si mnene, kama mafuta kwenye nyama. Wakikuyu walishuka kuuchimba kwa ajili ya baraka: mtoto anapopewa jina, watu waliogombana wanapopatana, mtu anapopakwa usoni aonekane ametakaswa. Chini ya ira kuna udongo mwekundu, na huo ndio Wamaasai waliutaka. Wanawake wao walipanda kutoka nyanda za chini na ngozi za kubadilishana. Hata wanaume walipokuwa wanaibiana ng'ombe na kuuana, korongoni mkuki haukushuka. Mikuki iliachwa chini ya mkuyu ulio ukingoni, ya huku na ya kule, na mama akasema hakuna siku ilichanganyika.

Baadaye mzungu alikuja akazungusha waya, korongo likawa ndani ya shamba lake. Wakati wa vita vya msituni vijana walijificha kwenye mapango ya kule chini, na wanawake waliokubaliwa kufagia bomani kwa mzungu waliwapelekea chakula ndani ya vyondo, juu wameweka udongo mweupe, chini viazi. Askari alishika kiondo, akaona udongo, akasema hawa wanawake ni wajinga wanakula mchanga. Mama alicheka alipofika hapo. Mama mkwe wake alikuwa mmoja wa hao.

"Na hao wote," akasema, "wa udongo, wa vita, hata wale walikuwa wanaficha mbuzi, hakuna alishuka bila murori."

Murori ni mtazamaji. Mvua ya mlima haina haja ya kukujulisha. Wewe uko chini jua linakuunguza, na kule juu msituni imeshanyesha, maji yanakuja. Kwa hivyo mmoja anaachwa ukingoni na pembe. Anaketi mgongo kwa korongo na uso kwa mlima, asione wenzake wanafanya nini, asitamani. Wingu jeusi likikaa juu ya msitu, anapuliza, na walio chini wanaacha kila kitu wanapanda. Wakitoka, kabla mtu yeyote hajajipaka ira, murori ndiye anapakwa wa kwanza. Na hachaguliwi hivi hivi. Anachaguliwa mwenye mtu wake chini, mume, mama, ndugu, ili asisinzie.

"Huyu meneja alipoletwa," mama akaendelea, "alisema hifadhi haiwezi kuajiri mtu wa kutazama mawingu. Ati kuna simu. Akaweka mtu wake kule msituni apige mvua ikianza. Na simu chini ya korongo haishiki! Hata mbuzi anajua hiyo. Mzee wangu akakaa kimya, akawa anachagua murori kati ya wageni wenyewe." Alimenya kiazi kimoja chote kabla hajasema lililobaki. "Ila siku ile sijui nini kilimwingia, akasahau."

 Nilijua watu wa nje wanasema. Sikujua kwamba hata mkewe ameshaamini.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, jua lilikuwa linatoka nyuma ya mlima, vilele viko wazi, barafu kidogo iliyobaki inang'aa kama bati. Mama aliketi chini ya mkuyu na pembe mapajani, akatupa mgongo.

"Shukeni. Mtoto wangu yuko chini, sitasinzia."

Ngazi ni ya chuma, imefungwa kwenye mwamba. Wangeci alishuka mbele yangu akinisemesha. Alisema mlima huu zamani ulikuwa unatapika moto, na majivu yake ndiyo haya tunayashuka. Ukuta wa korongo ni kama keki iliyokatwa. Juu kuna udongo wa kawaida, chini yake mawe meusi yaliyosimama wima, yamepangwa kama nguzo za stoo, ambayo yalikuwa moto ulioyeyuka ukapoa. Chini ya mawe kuna majivu ya kijivu, laini, ukiyagusa yanabaki kwenye kidole. Halafu ira. Halafu nyekundu. Mto ulikula yale laini, mawe yakakosa cha kukalia, yakaanguka, na hivyo ndivyo korongo linapanuka hata leo. Mbayuwayu walikuwa wanatoka mianyani mamia, na pimbi wamejipanga mwambani wakiota jua, macho yote juu, maana tai wa hapa hula pimbi. Wangeci alisema kuna pimbi mmoja kila kundi ambaye hali, anatazama juu tu wakati wenzake wanakula. Alisema kama anavyowaambia wageni kila siku, kisha akatazama juu ukingoni.

Chini kulikuwa na baridi na giza la kijani. Mto ulikuwa mwembamba, unaweza kuuvuka bila kuvua viatu. Juu ya vichwa vyetu, kimo cha watu wanne, gogo la mti lilikuwa limebanwa kati ya kuta mbili. Sikuhitaji kuuliza nani aliliweka.

Tulisimama kwenye jiwe bapa. Ni hapo.

Siku ile, katika msimu wa mvua ndefu, tulikuja watu kumi na watano. Mzee Wamahiu alitueleza habari ya murori, Gakuru akacheka na kusema yale alisema, na mzee hakubishana. Aliuliza tu nani ana mtu wake hapa. Nikasema mimi, niko na mke. Akanipa pembe akaniketisha chini ya mkuyu, akanigeuza mabega kwa mikono yake mwenyewe mpaka nikaangalia mlima. "Usigeuke," akaniambia. "Hata ukisikia wanacheka."

Nilikaa kama saa nzima. Wingu lilikuwa limeshika msitu, lakini kila mchana linashika, na mimi ni mtu wa soko, wingu najua la sokoni. Kisha nikasikia filimbi. Kimaru, meneja wa hifadhi, alikuwa amesimama kwenye mwamba mrefu ng'ambo ya mto na kamera. Alitaka picha ya bango la barabarani, kundi zima likitabasamu. Alipiga filimbi akaniita kwa mkono: shuka. Nikatikisa kichwa. Akapaza sauti: "Shuka bwana, niko na mtu msituni na simu! Unaniharibia picha!" Gakuru naye akaita, "Toka huko kwa mizimu!" Watu wakacheka. Nikageuka.

Hapo ndipo. Niligeuka nikaona Muthoni kwenye jiwe bapa, amevua kitambaa cha kichwa ananipungia. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiita au alikuwa ananiambia nibaki. Nilitundika pembe kwenye tawi nikaanza kushuka ngazi. Mzee aliniona. Aliacha wale aliokuwa anawapeleka kwenye pango la juu, akaanza kuja kwangu akipunga mikono yote miwili, na hilo sikuhitaji kulikisia. Nilikuwa katikati ya ngazi nikasikia harufu ya udongo mbichi. Harufu ilifika kabla ya sauti. Halafu maji yalikuja ya kahawia yamebeba miti mizima, yakapita mahali ambapo watu walikuwa. Yalinifika kiunoni nikiwa nimekumbatia chuma. Kimaru alikuwa juu ya mwamba wake. Gakuru na wengine walikuwa wameshasogea kwenye pango la juu kutafuta kivuli. Wale watano hawakuwa na mahali.

Hayo yote nilimwambia Wangeci tumesimama pale. Alikuwa ananitazama viatu.

"Siku ile ulivaa nini?" akauliza.

"Gumbuti. Za kijani."

"Najua."

Sikuelewa.

"Ile picha ya meneja," akasema. "Aliipiga. Imetundikwa ofisini, sasa wameihamisha nyumba ya historia. Watu wote wanacheka, na pembeni kabisa kwenye ngazi kuna mguu mmoja umevaa gumbuti ya kijani. Miaka mitatu nafagia chini ya huo mguu. Niliuliza soko lote, nikaambiwa ni nani huvaa gumbuti za kijani. Pembe ilikutwa kwenye tawi, Kimaru akasema baba aliisahau. Baba asahau pembe!"

"Ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Mguu hauna mdomo. Nilitaka mwenyewe aje." Alichokoa ira kidogo kwenye ukuta kwa kucha, akaifunga kwenye leso. Nilianza kusema nisamehe. Alinikatiza. "Usiniombe msamaha hapa chini. Panda umwambie mama. Halafu uwaambie watu."

Nilitangulia kupanda. Nilipofika juu nilipiga magoti nyuma ya mama, nikaanza, "Mama, siku ile murori alikuwa..."

"Ngoja," akasema, hakugeuka. "Mtoto wangu bado yuko kwenye ngazi."

Nikangoja. Nafikiri sijawahi kungoja kitu kirefu namna hiyo. Wangeci alipoweka mguu ukingoni ndipo mama aligeuka. Wangeci alifungua leso akampaka ira kwenye paji la uso, kwanza yeye, kisha akajipaka. Mimi sikupakwa, na sikutarajia.

"Sema sasa," mama akasema.

Nikasema. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya pembe.

"Alikuchagua yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Aliuliza nani ana mtu chini."

"Akakugeuza uso?"

"Kwa mikono yake."

"Kwa hivyo hakusahau."

"Hakusahau kitu."

Aliweka pembe chini.  "Maji ni ya mlima," akasema. "Hayo siwezi kukudai. Lakini mimi miaka mitatu nimemkasirikia mtu aliye kaburini. Kuna siku nilipita kaburi lake nikakataa kung'oa magugu. Hiyo umeniletea wewe kwa kunyamaza, si maji." Kisha akaniambia niinuke, nisiwachelewe watu.

Saa nne watu walikuwa wamejaa ndani ya nyumba ya historia: jamaa za marehemu kutoka Karatina, wakulima wa pale, mchungaji, watu wa kampuni inayosimamia hifadhi. Gakuru hakuonekana. Kimaru alikuwa amevaa suti na ameshika mikrofoni. Alieleza mawe vizuri, alieleza ndege vizuri. Alipofika kwenye maji alisema ni janga la asili, na kwamba marehemu Mzee Wamahiu, pamoja na mapungufu yake, atakumbukwa. Niliinua mkono.

"Maswali baadaye, mzee."

"Si swali."

Nilitembea mpaka kwenye picha. Ilikuwa kubwa kama mlango. Muthoni alikuwa pale na kitambaa mkononi, anatazama juu, siyo kwenye kamera. Sikuwahi kuiona. Niliweka kidole kwenye ule mguu.

"Huu ni wangu," nikasema. "Mimi ni Ndirangu wa Majengo, mume wa huyu. Mzee Wamahiu aliniacha juu na pembe, nikaacha mahali pangu nikashuka. Aliyenipigia filimbi nishuke ni huyu ameshika mikrofoni, kwa ajili ya picha hii. Aliyekataza desturi ni Gakuru, mwenyekiti wetu. Mzee hakukosea. Aliniona nimeshuka, akaacha pango akaja kunirudisha, ndiyo maana alikufa."

 Kisha dadake mmoja wa marehemu, Mama Njambi wa ndizi, alisimama nyuma.

"Ulikuja mazishi yetu," akasema. "Ulikula chakula chetu. Mama yangu alikushika mkono akakupa pole."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo."

Alitoka nje. Nusu ya watu wa Karatina walimfuata. Kimaru alisubiri mlango utulie, akasema kwenye mikrofoni, sauti tamu kama ya harusi, "Tunamshukuru ndugu yetu kwa ujasiri wa kukubali kosa lake." Kosa lake. Aliyachukua maneno yangu yote akameza yanayomhusu yeye, akabakisha yanayonihusu mimi. Halafu wakakata utepe.

Saa nane nilianza kurudi. Wangeci alinisindikiza hadi lango, akanipa mahindi mawili ya kuchoma kwenye karatasi. Nilitembea hadi Naro Moru mlima ukiwa nyuma yangu. Ulikuwa umeshajifunika. Jioni nilikuwa Majengo, muadhini anaita, majirani wanapika, na kitu pekee kilichobadilika ni kwamba sasa kuna watu Karatina ambao hawatanisalimia mpaka nife. Wana haki.

Baada ya wiki kadhaa Wangeci alinitumia picha ya bango, limeandikwa upya. Sasa linasema Mzee Wamahiu aliacha mlinzi kama desturi inavyotaka, na kwamba mlinzi huyo, Ndirangu wa Majengo, aliacha nafasi yake. Basi. Filimbi haimo. Simu isiyoshika haimo. Hata Gakuru hayumo.

Nilichojifunza ni hiki, na hakinifurahishi. Nilidhani ukisema kweli yote, yote itaandikwa. Kumbe wenye bango wanachagua kipande kisichowauma. Lakini mimi ndiye niliwapa miaka mitatu ya kujipanga. Ningesema siku ya mazishi, macho yakiwa bado mekundu na kila mtu anakumbuka ile filimbi, Kimaru angekosa pa kusimama. Kweli niliyoichelewesha ilifika imepungua. Kwa hivyo nimenunua daftari nikaandika safari hii na majina yote, na nitamsomea kila atakayekubali kukaa.

Wangeci aliniandikia tena juzi, maneno machache. Alisema kila siku analisoma lile bango kwa sauti mbele ya wageni, mlango ukiwa wazi. Mamake, popote alipo bomani, huacha anachofanya akasikiliza mpaka jina la mumewe lipite. Kisha linakuja jina langu, na yeye anaendelea na kazi.